Kumwaga zege la stampu nje kwenye joto la jangwa: fanya hivi usije ukavunja na kuanza upya

Kugonga stampu kwenyewe siyo kazi ngumu jamani. Mtu akishaonyeshwa mara moja namna ya kulaza stampu, kuipiga na kuibandua, anaendelea mwenyewe. Kinachoumiza watu jangwani ni muda. Zege ambalo sehemu yenye ubaridi lingekusubiri masaa mawili matatu, kwenye joto la 40 na kaupepo kakavu linaweza kukupa nusu saa tu, halafu juu limekauka na chini bado uji. We unaona uso umekaza, unapanda na stampu, uso unapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Mi slabu yangu ya kwanza ya rangi niliivunja yote kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo naandika kama mtu aliyeshika nyundo kwa aibu.

Kwa ambao hawajui, zege la stampu ni zege la kawaida linalotiwa rangi halafu likiwa bado laini linagandamizwa na stampu za mpira mgumu ili lionekane kama mawe, matofali, au mbao. Mambo haya yalianzia California miaka ya 1950, jamaa mmoja anaitwa Brad Bowman ndo anayehesabiwa kuwa mwanzilishi, stampu za zamani hizo zilikuwa za metali. Siku hizi ni za poliyuretheni, nyepesi zaidi na zinatoa umbile la jiwe vizuri.

Elewa kwanza kinachokausha uso

Usiruke hapa, maana ukielewa hiki hatua zote zinazofuata zinajieleza zenyewe.

Watu wanadhani jua ndo linapasua zege. Jua linachangia, ila kinachopima hatari ni spidi ya maji kutoka juu ya uso, na hiyo inategemea vitu vinne: joto la hewa, ukavu wa hewa, upepo, na joto la zege lenyewe. Wahandisi wana kiwango wanachokiogopa, kilo 1 ya maji kwa kila mita ya mraba kwa saa. Ukifika hapo mipasuko midogo ya uso inanukia, na zege lenye simenti nyingi au lisilotoa jasho (yale maji yanayopanda juu yenyewe) linaweza kupasuka hata chini ya hapo.

Sasa hebu tupige hesabu kwa fomula yao. Mchana, hewa digrii 40, unyevu asilimia 10, zege limefika likiwa na digrii 32, upepo kilomita 20 kwa saa. Unapata kama kilo 1.8, karibu mara mbili ya hatari. Usibadilishe kitu chochote isipokuwa upepo, uzuie ubaki kilomita 5, inashuka mpaka kama 0.7. Umeona? Turubai la kuzuia upepo peke yake limekuvusha. Ukiacha upepo vile vile ila ukapooza zege mpaka digrii 25, unapata kama 1.15, imesaidia lakini bado. Na ukimwaga alfajiri, hewa digrii 26, unyevu asilimia 30, zege digrii 28, upepo mdogo, ni kama 0.5 tu, hapo unafanya kazi kwa raha.

Ndo maana mi nikiambiwa nichague kitu kimoja tu kati ya barafu, ritada (dawa ya kuchelewesha zege kukaza), kivuli na kuzuia upepo, nachagua kuzuia upepo. Na ndo maana pia usiku wa baridi jangwani wenye upepo siyo salama kama watu wanavyofikiri, zege la moto kwenye hewa baridi na kavu linapoteza maji balaa.

Chagua rangi na muundo ukiwa umekaa chini

Rangi ya giza jangwani ni kosa ninaloliona kila mahali. Inapendeza kwenye picha, halafu mchana hakuna mtu anaweza kukanyaga peku, hasa pembeni ya bwawa la kuogelea. Chukua rangi za mchanga, krimu, kijivu cheupe, kahawia hafifu. Hakikisha rangi ni za oksidi ya chuma, hizo jua haliziharibu kirahisi. Nyeusi ya kaboni na rangi nyingi za bluu na kijani zisizo za madini zinapauka, epuka.

Rangi inaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchanganya ndani ya zege lote, kawaida asilimia 3 mpaka 6 ya uzito wa simenti, ukizidisha 10 unapoteza hela na unadhoofisha zege. Ya pili ni kunyunyiza unga wa rangi unaokaza uso juu ya zege bichi, kama kilo 3 kwa mita ya mraba. Huu unga unatoa rangi kali na uso mgumu sana, ila unategemea unyevu wa juu ili ulowane, na jangwani huo unyevu unakimbia kabla hujafungua mfuko wa pili. Kwa hiyo ushauri wangu kwenye joto kali ni rangi ya ndani, uachane na unga kama timu yako haijawahi kuutumia. Wapo mafundi watakaobishana na mimi hapa, sawa, wao wana watu kumi.

Muundo nao una maana yake. Muundo wa matofali yenye mistari mingi iliyonyooka unakuumbua ukichelewa hata kidogo, kila mstari uliopinda unaonekana. Muundo wa ngozi ya jiwe usio na mistari unasamehe sana na unagongwa haraka. Kama ni mara yako ya kwanza chukua huo.

Halafu mwaga sampuli ya mita moja kwa mita moja, palepale, saa ileile utakayomwagia kazi yenyewe, kwa mchanganyiko uleule. Itakwambia dakika ngapi unazo. Hakuna mtu mwingine anayeweza kukwambia hiyo namba, hata mimi.

Ardhi

Udongo wa jangwa unadanganya. Juu unakuta mgumu kama jiwe, kumbe umeshikana kwa chumvi tu, siku bomba la bustani likivuja unazama na slabu inakatika. Kwingine ni mfinyanzi unaovimba ukilowa. Kwa hiyo chimba, toa udongo wa juu, lowesha, shindilia kwa mashine kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15 kila moja, usimwage nusu mita ya kifusi halafu upite juu mara moja na kusema umeshindilia. Juu yake weka kokoto au changarawe iliyochanganyika saizi, sentimita 10 mpaka 15, shindilia tena. Ukipita na kisigino kisiache shimo.

Kama eneo lina chumvi nyingi nyeupe juu ya ardhi au jasi, pima udongo na uliza simenti inayohimili salfeti. Na maji ya kuchanganyia yawe ya kunywa, yale ya kisima cha chumvi usiguse, nondo zitaoza na uso utatoa unga mweupe.

Unene ni sentimita 10 kwa njia ya miguu na baraza, 12.5 mpaka 15 kama gari litapita. Weka slopu ya sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita, ikienda mbali na nyumba. Jangwani mvua ni chache lakini ikija inakuja yote kwa siku moja.

Wavu wa chuma uinue kwa vibiskuti vya zege ukae kama katikati ya unene au juu kidogo. Ule mtindo wa kuulaza chini halafu kuuvuta kwa ndoano wakati wa kumwaga haufanyi kazi, unabaki chini kwenye udongo. Nyuzi ndogo za plastiki ndani ya zege zinasaidia kwa mipasuko ya mwanzo ya kukauka, weka tu zile nyembamba sana ili zisichomoze juu kama nywele.

Kila mahali slabu inapokutana na ukuta, nguzo au slabu nyingine weka kitu laini cha milimita 10 hivi, kamba ya povu au ubao laini. Jangwani tofauti ya joto la uso kati ya kiangazi mchana na usiku wa baridi inaweza kuvuka digrii 40, na slabu ya mita 10 ikipata badiliko la 40 inarefuka kama milimita 4. Kama haina pa kwenda itasukuma ukuta wako.

Zege lenyewe

Agiza au changanya zege la nguvu ya megapaskali 25 mpaka 30, kokoto ndogo, saizi ya mwisho milimita 20 na kama utapata ya 10 mpaka 14 ni bora zaidi kwa sababu kokoto kubwa zinagombana na stampu. Kwa simenti kilo 350 kwa mita ya ujazo, maji yote yasizidi kama lita 160, ukihesabu na yaliyomo kwenye mchanga. Litakuwa zito kwa kiwango hicho cha maji, kwa hiyo lilainishe kwa plastisaiza upate slampu (kipimo cha zege linavyoshuka ukilivua koni) ya milimita 100 mpaka 125. Usilainishe kwa maji. Narudia, dereva akifika na gari akauliza aongeze maji, mwambie hapana, na simama karibu na bomba lake. Maji ya kuongeza saiti yanabadilisha rangi, gari la kwanza litakuwa kahawia na la pili kahawia iliyopauka, na hapo hakuna sila (dawa ya mwisho ya kupaka juu kulinda uso) itakayokuokoa.

Weka ritada, dozi kama alivyoandika mtengenezaji kwa joto hilo, na dozi iwe ileile kwa kila gari. Usitumie dawa yoyote ya kuharakisha yenye kloridi ya kalsiamu, inaacha madoa kwenye zege la rangi na inakula nondo. Kabla hujaagiza chochote tengeneza sampuli yenye hivyo vitu vyote pamoja, kuna rangi hazielewani na baadhi ya dawa.

Kupooza zege, kuna hesabu rahisi ya kukumbuka. Ili kushusha zege digrii 1, inabidi ushushe kokoto na mchanga kama digrii 2, au maji kama digrii 4, au simenti kama digrii 8. Maana yake kivuli juu ya lundo la kokoto na kulinyunyizia maji usiku ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana, tena haigharimu kitu. Ila maji uliyoinyunyizia kokoto yahesabu kwenye zile lita 160. Barafu nayo ni nzuri sana kwa sababu kilo moja ikiyeyuka inakula joto sawa na kupooza kilo moja ya maji kwa digrii 80, ila iyeyuke yote ndani ya mikseri, usiache mabonge, na uzito wake utoe kwenye maji. Wengi wanaweka kikomo cha digrii 35 kwa zege linapofika saiti. Kwa stampu mi natamani lisizidi 30. Nunua kipimajoto cha kuchomeka, ni kitu kidogo tu.

Mfano wa hesabu, baraza la mita 20 za mraba kwa sentimita 10 ni mita 2 za ujazo, ongeza asilimia 5 mpaka 10 ya akiba. Kukosa zege ndoo tatu mwishoni saa 3 asubuhi jangwani ni msiba.

Siku ya kumwaga

Siku moja kabla, jioni, simamisha turubai za kuzuia upepo upande unaotoka upepo, na neti ya kivuli juu ikiwezekana. Funika kuta kwa nailoni maana unga wa rilizi (ile dawa inayozuia stampu isishikane na zege) unaruka na unashika kila kitu. Lowesha tabaka la chini jioni na tena alfajiri, liwe na unyevu lakini lisiwe na dimbwi hata moja. Lowesha na mbao za pembeni, zikiwa kavu zinanyonya maji ya zege kwenye kingo.

Panga zana kwa mpangilio wa kuzitumia: toroli, ubao wa kusawazishia, floti (kibao cha kulainisha uso) ndefu, floti ya mkono ya mbao au magineziamu, kifaa cha kingo, rilizi, stampu, kigongeo, rola za mistari, pampu ya kunyunyizia ukungu. Stampu zikae kwenye kivuli, zikiwa za moto zinalegea na zinashika. Uwe nazo za kutosha kufunika upana mzima wa slabu kwa mstari mmoja na ziada ya mstari wa pili, pamoja na ile laini inayopinda kwa ajili ya kingo na pembe. Ziandike namba. Zipange kavu juu ya ardhi uone zinavyoshikana, we utajishukuru.

Watu: kwa mita 20 hizo siendi na chini ya watu wanne, wawili kumwaga na kusawazisha, mmoja rilizi na floti, mmoja na nusu kwenye stampu (nusu ni yule anayemaliza kusawazisha na kuja kusaidia). Eneo kubwa ligawe kwenye vipande, umwage kimoja kwa siku. Ukiona una mita 80 na watu watano, usiseme tutapambana. Gawanya.

Zege lianze kushuka saa 11 alfajiri, ukiona mstari wa kwanza wa mwanga. Ukianza saa 2 asubuhi umeshachelewa, ni afadhali urudishe gari kuliko kuvunja slabu. Kumwaga usiku pia kunafaa kama una taa za kutosha kuona rangi.

Mwaga kuanzia mwisho wa mbali ukija kwako, sawazisha kwa ubao, pitisha floti ndefu mara moja au mbili tu. Papo hapo nyunyiza dawa ya kuzuia uvukizi, ile inayotandaza utando mwembamba sana juu ya maji. Hii ndo dawa inayowaokoa wengi. Siyo sila wala haikuzuii kuendelea na kazi, unaweza kuinyunyiza tena baada ya kila kupitisha floti. Ukungu wa maji kwenye hewa juu ya slabu pia unasaidia, ila ukungu, siyo mvua. Ukimwagia maji usoni halafu ukayasugua na floti umetengeneza uji mwembamba juu ambao utabanduka kama magamba mwakani.

Usitumie mwiko wa chuma mapema wala kusugua mpaka king'ae. Uso ukifungwa, jasho la zege linanaswa chini na ule uso unaobaki ni ukoko. Ukoko ndo ugonjwa mkubwa wa stampu jangwani: juu pamekauka, chini panatikisika. Utaujua kwa kubonyeza, ukiweka kiganja na kusukuma slabu inacheza kama godoro na nyufa ndogo zinatokea ukingoni mwa kidole. Ukishaona hivyo usigonge. Weka kivuli hapo haraka, nyunyiza dawa ya uvukizi, sugua kidogo kwa floti ya mbao kufungua uso, subiri chini pakaze kiasi. Nyufa ndogo za juu unaweza kuzipooza kwa stampu laini yenye muundo wa ngozi ya jiwe. Zikiwa nyingi kubali kwamba kipande hicho kitakuwa na sura ya jiwe kuukuu na uendelee, usisimamishe kazi nzima kwa ajili ya futi mbili.

Kugonga

Kipimo cha muda wa kuanza ni kidole. Bonyeza kwa nguvu ya kawaida, kidole kiingie kama milimita 5, kingo za shimo zisimame zenyewe, na kidole kisitoke na uji. Pima sehemu tatu nne, hasa ile iliyomwagwa kwanza na ile iliyopigwa na jua kwanza, maana hazitakuwa sawa. Anza mapema kidogo kuliko utakavyojisikia. Jangwani kuanza mapema unaweza kurekebisha, kuchelewa hapana.

Rilizi iko ya unga na ya maji, yaani ya kimiminika. Ya unga, kama gramu 150 kwa mita ya mraba, unarusha kwa brashi kubwa ikae sawasawa, na inaacha kivuli cha rangi ya pili kwenye mabonde ya muundo, ndo ile sura ya kale watu wanayoipenda. Tatizo lake ni upepo. Ya maji unapuliza kwa bomba la mkono juu ya zege na chini ya stampu, haichafui jirani, ila kwenye joto inakauka upesi kwa hiyo puliza kwa eneo dogo unalokwenda kugonga sasa hivi, siyo slabu nzima. Siku yenye upepo mi natumia ya maji, halafu ile rangi ya kale naiongeza baadaye kabla ya sila kwa rangi nyepesi ya kupaka juu. Vaa barakoa kwa ya unga, na usipulize ya maji karibu na moto.

Funga uzi ulionyooka kwa mstari wa kwanza. Laza stampu ya kwanza, ishike kona, usiiburuze. Ya pili ipakane na ya kwanza kwa kukaza, ya tatu vivyo hivyo. Panda juu, gonga kwa kigongeo kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Usigonge mpaka stampu izame, ukiona uji unapanda kwenye maungio umepitiliza. Kubandua, inua upande mmoja taratibu hewa iingie, halafu yote. Geuza stampu kila baada ya chache zisifuatane kwa mwelekeo uleule, vinginevyo ile alama moja ya jiwe itajirudia mstari mzima na kila mgeni ataiona kabla ya kusalimia.

Kingo fanya kwa stampu laini mapema kuliko katikati, maana kingo zinakauka kwanza. Mistari iliyofunga rekebisha kwa rola au patasi ndogo slabu ikiwa bado inakubali. Zege likianza kukaza kwa ghafla upande wa mwisho, ongeza uzito kwenye kigongeo na gonga mara nyingi zaidi, ila likishakataa kabisa acha, usinyunyize maji kulilainisha. Sehemu iliyobaki bila alama itachongwa kwa grainda kesho kutwa, itaonekana vizuri kuliko uso uliooshwa na maji.

Na watu wanywe maji. Kizunguzungu na kuacha kutoka jasho siyo uvivu, mtoe mtu kivulini haraka, mpooze kwa maji na uite msaada. Mabuti ya mpira na glavu ni lazima, simenti mbichi inachoma ngozi taratibu bila kuisikia.

Kukata jointi

Ile mistari ya stampu haizuii ufa, ni ya kina kidogo tu. Jointi za kweli, yaani mikato ya kuelekeza ufa upite humo, zinakatwa kwa msumeno, kina kiwe robo ya unene, yaani milimita 25 kwa slabu ya 100, na nafasi kati yake mita 2.5 mpaka 3, vipande viwe karibu na mraba. Zipange mapema zipite kwenye mstari wa muundo zisionekane. Jangwani usisubiri kesho yake. Jaribu kukata mahali pa kujificha baada ya masaa manne matano, kama kingo hazimeguki endelea. Mara nyingi ufa unatokea usiku ule ule wa kwanza baridi inapoingia. Kata kwa maji au kwa kinyonya vumbi na uvae barakoa nzuri, vumbi la zege linaharibu mapafu.

Kulitunza lisikauke

Hapa ndo zege la rangi linatofautiana na la kawaida. Lile la kawaida unalifunika kwa nailoni au magunia na unamwagilia wiki nzima. Ukilaza nailoni juu ya zege la rangi inakunjamana na kila mkunjo unaacha doa, magunia nayo yanatoa rangi yake. Kama umetumia rilizi ya maji, paka dawa ya kutunza unyevu inayoendana na sila yako mara tu alama zinapokuwa ngumu. Kama ni ya unga, acha unga ukae, weka kivuli na ukungu juu yake siku ya kwanza bila kufanya vijito, halafu baada ya siku moja mpaka tatu osha kwa mashine ya presha ya chini yenye tundu pana, ukiacha unga kiasi kwenye mabonde, kama sehemu moja kati ya kumi hivi. Baada ya kuosha, paka hiyo dawa. Kama umeamua kumwagilia maji basi yawe mfululizo siku saba, siyo asubuhi na jioni tu, kulowa na kukauka kunaleta mabaka. Na usimwage maji baridi juu ya slabu iliyopigwa jua, tofauti isizidi kama digrii 11, uso utashtuka na kupasuka.

Sila

Subiri siku 28. Usiku mmoja kabla bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita kwa utepe pande zote, asubuhi ukikuta matone chini yake bado kuna maji ndani, subiri zaidi.

Sila ya akriliki ndo ya kawaida, inakuza rangi. Epoksi usiweke nje, jua linaigeuza njano. Zile zinazopenya ndani bila kung'aa ni nzuri kwa anayetaka sura ya asili na hazitelezi. Sasa muda wa kupaka. Wengi wanapaka asubuhi kwa sababu kuna ubaridi, kumbe asubuhi slabu inapata joto, hewa iliyomo kwenye vitundu inatanuka na kusukuma mapovu kwenye sila. Jioni slabu inapoa, inavuta sila ndani. Kwa hiyo weka kivuli kuanzia mchana, anza kama saa 11 jioni, weka nyuma ya kiganja juu ya slabu, kama huwezi kuvumilia sekunde tano bado ni ya moto. Uso usizidi kama digrii 32.

Paka nyembamba mara mbili, lita moja kwa mita za mraba 5 mpaka 7 kila mara. Nene inakuwa nyeupe kama maziwa. Kwenye coti ya pili changanya unga wa kuzuia kuteleza, hasa karibu na maji. Angalia utabiri wa upepo kwanza, sila mbichi na vumbi la jangwa vikikutana umepata sandipepa.

Baada ya hapo fagia mchanga mara kwa mara, maana viatu na mchanga vinasaga sila taratibu. Kila mwaka mwaga kikombe cha maji sehemu inayopigwa jua zaidi. Maji yakisimama kama vishanga bado iko vizuri, yakinywewa na uso ukabadilika rangi, osha na upake coti moja nyembamba. Kwenye jua hilo tegemea kufanya hivyo kila baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu, na sehemu ya kivulini itakaa zaidi.